Muvi za zamani za bei chee, dubwana lina zipu mgongoni: raha yake inatoka wapi?

zipu_mgongoni

Wakuu salama? Nina swali kwa wapenzi wa muvi humu, hasa wale wa zile muvi za zamani za bei chee, unajua zile dubwana linatembea na zipu unaiona kabisa mgongoni (ndo maana na jina langu liko hivi), chombo cha angani kinaning'inia kwenye uzi, steringi anapambana na pweza wa mpira ambaye hajimudu mpaka steringi mwenyewe amshike mikono amtikisetikise ili ionekane wanapigana. Mi hizi vitu nazipenda kupita maelezo na sijawahi kuelewa kwa nini.

Juzi nimerudia Robot Monster ya 1953. Kwa asiyeijua, ni hivi: stori ilitaka roboti kutoka sayari nyingine, hela ya kutengeneza roboti hamna, lakini kuna jamaa mwigizaji ana vazi lake mwenyewe la sokwe. Basi wakamchukua jamaa na vazi lake, kichwani wakamtia helmeti kama ya wapiga mbizi yenye antena, kazi ikaisha, roboti huyo. Manyoya mwili mzima lakini ni roboti, ukikataa shauri yako. Alafu anaishi pangoni na meza ya mbao yenye mashine inayotoa mapovu, mapovu haya haya ya sabuni, na mwanzoni kwenye majina ya walioshiriki ile mashine ya mapovu nayo imetajwa kwa heshima zote. Muvi nzima ilipigwa kwa siku nne. Kuna sehemu sokwe wetu anapanda kilima, anashuka kilima, anapanda tena, jua kali, nikawa namwonea huruma yule aliyeko ndani ya yale manyoya kuliko binadamu wote aliokwishawaua kwenye stori.

Sasa maswali. La kwanza, hii raha inatoka wapi hasa? Maana naweza kukaa na muvi mpya ya mamilioni ya dola, kila kitu kimenyooka, dakika ya arobaini nimeshika simu, ila hii ya sokwe naangalia mpaka mwisho nimetoa macho. La pili, mdogo wangu wa kike anasema mimi sina utu, kwamba nakaa nacheka watu walioshindwa kazi yao. Iliniuma kidogo. La tatu, nataka nimkalishe yeye naye aangalie, nimuanzishie na ipi asikimbie?

mama_trela

Hahahaha umenikumbusha yule sokwe anavyojadiliana na nafsi yake kwamba ni lazima aue lakini hawezi, huku mikono anairusha hewani utadhani yuko jukwaani anaigiza mkasa mzito. Na watu hawajui, muziki wa ile muvi aliutunga Elmer Bernstein, huyo huyo ambaye miaka michache baadaye akaja kufanya muziki wa The Ten Commandments na The Magnificent Seven. Sikiliza muziki peke yake umefumba macho, ni muvi ya maana kabisa. Fumbua sasa 😂

pweza_mikono_sita

Mkuu swali lako la kwanza ndo langu mimi, acha nijaribu, samahani nitaandika kirefu.

Ukiangalia muvi ya hela nyingi huwezi kuona uamuzi wa mtu. Kila tatizo limeshamalizwa kabla halijafika kwenye skrini, watu mia tano wamekaa kwenye kompyuta wamelipiga pasi. Hizi za bei chee tatizo liko pale pale mbele yako na unamwona mtu anavyolitatua, mara nyingine kwa akili sana, mara nyingine kwa kukata tamaa kabisa. Jina langu hapo juu limetokana na It Came from Beneath the Sea ya 1955. Yule pweza anayeshambulia daraja la Golden Gate alitengenezwa na Ray Harryhausen, fundi wa kuhuisha midoli picha moja moja, unasogeza mkono kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Kila mkono ni masaa ya kazi na masaa ni hela. Bajeti ikambana, akaamua pweza wake awe na mikono sita badala ya minane. Sita! Na kwa namna alivyompanga, miwili mitatu inatoka majini, mingine imejificha kwenye mawimbi, watu wameangalia miaka na miaka bila kuhesabu. Mi nilipojua nikarudi kuiangalia upya kwa ajili ya kuhesabu tu, na nikaipenda zaidi, maana sasa naona jamaa amekaa na kikokotoo anapiga hesabu ya mikono.

Upande wa pili, prodyuza huyo huyo wa hiyo muvi, Sam Katzman, mwaka 1957 akatoa The Giant Claw. Safari hii hela ya Harryhausen hakuna kabisa, ndege wa kutisha akaagizwa kwa mafundi wa Mexico. Waigizaji wakapiga sini zao zote wakitazama juu angani kwa hofu, wakitetemeka, wakiongelea ndege mkubwa kama meli ya kivita, huku hawajawahi kumwona huyo ndege. Jeff Morrow ambaye ndo steringi alikuja kusimulia kwamba alimwona kwa mara ya kwanza ukumbini siku muvi inaonyeshwa mjini kwao, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akatoka kimya kimya kabla haijaisha. Na ukimwona yule ndege unaelewa. Shingo ndefu imekunjamana, macho yametoka, na kichwani ana vijinywele vimesimama vichache kama mtu ameamka sasa hivi. Lakini sasa tazama Morrow anavyoigiza. Yuko siriasi. Anaogopa kweli. Yeye ametimiza kazi yake asilimia mia, ndege ndo hakutimiza. Mimi raha yangu iko hapo katikati, kati ya mtu anayejitoa kwa moyo wote na kitu kilichomwangusha.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako kwamba unacheka lakini upande wako ni wa Morrow.

Kamusi_ya_Zombi

Naomba nimwage maji baridi kidogo hapa. Tusidanganyane wakuu, nyingi ya hizi muvi zinachosha. ZINACHOSHA. Watu wanaonyeshwa vipande vya dakika mbili mtandaoni vimechaguliwa, wanacheka, wanaenda kuitafuta yote, wanakutana na dakika kumi za mtu anaendesha gari. Hakuna kinachotokea. Anaendesha tu. Kisa muvi lazima ifike dakika sabini ili waweze kuiuza, stori iliisha dakika ya thelathini, basi tembeza watu, endesha magari, weka watu wawili waeleze jambo ambalo tumeshaliona.

Manos: The Hands of Fate ya 1966, hiyo inayoimbwa kila siku, ilitengenezwa na muuza mbolea wa El Paso ambaye alibishana na mwandishi mmoja wa Hollywood kwamba na yeye anaweza kutoa muvi ya kutisha. Kamera yake ilikuwa ya kukaza springi kwa mkono, haiwezi kurekodi zaidi ya sekunde 32 kwa mara moja. Sauti haikurekodiwa pale pale, watu wachache waliingia studio baadaye wakaziigiza sauti za kila mtu mpaka za mtoto. Binti mdogo aliyeigiza humo alilia siku ya uzinduzi aliposikia sauti isiyo yake ikitoka kinywani mwake. Taa walizokuwa nazo usiku zinamulika hatua chache tu, ndo maana kuna polisi wanashuka kwenye gari, wanasogea kidogo, wanatazama giza, wanarudi kwenye gari. Nyie mnasema raha. Mi nimeiangalia yote bila kuruka na ilikuwa adhabu.

Nachotaka kusema ni kwamba ubovu peke yake hautoshi, muvi mbovu inaweza ikawa mbovu tu.

pweza_mikono_sita

@Kamusi_ya_Zombi hilo sikubishii, ila umesimulia mwenyewe aya nzima kwa furaha kabisa 😄 na umeacha ile bora kuliko zote. Wale wapenzi wawili wanaobusiana ndani ya gari pembeni ya barabara, hawana uhusiano wowote na stori, polisi wanakuja wanawafukuza, baadaye wapo tena pale pale. Yule dada alitakiwa acheze sehemu nyingine, akavunjika mguu, na mwongozaji hakutaka kumtupa nje, akamtafutia kazi ya kukaa kwenye gari. Ukilijua hilo, sini yao unaipenda bure.

Kamusi_ya_Zombi

Hilo nakubali lina utamu. Lakini utamu uko kwenye habari za muvi, muvi yenyewe bado ni adhabu.

fundi_sauti

Mmenigusa kwenye sauti. Mi kazi yangu ya kila siku ni kuediti, sitasema naeditia nani, lakini hizi muvi kwangu ni shule.

Angalia za Hong Kong za miaka ya 70. Nyingi zilipigwa bila sauti kabisa, kila kitu kiliwekwa baadaye studio, mazungumzo, hatua, upepo wa ngumi. Ndo maana ngumi ya tumboni, ya shavuni na ya kwenye mbao zote zinalia sawa, ile "pwaa" moja, kuna mtu alikuwa na sauti zake chache kwenye kabati na anazitumia kwa kila kitu. Zikidabiwa Kiingereza ni kikundi kidogo cha watu hao hao, kwa hiyo ukiangalia nyingi unaanza kuwatambua kwa masikio, huyu wa leo ni mzee wa hekima, juzi alikuwa jambazi, na kesho ni mwanafunzi mjinga anayekuja kuuawa mapema ili steringi apate sababu ya kulipa kisasi.

Alafu kuna mambo ya Bruce Lee. Amefariki Julai 1973, dunia nzima inamtaka, yeye hayupo. Wakatokea kina Bruce Li, Bruce Le, Dragon Lee, miwani ile ile, nywele zile zile, anajifuta pua kwa kidole gumba vile vile, muvi baada ya muvi. Hata Game of Death iliyotoka 1978, ambayo marehemu alikuwa ameacha vipande vyake vya kweli kabla hajafa, walipokosa sura yake kuna sehemu wamebandika picha ya uso wake kwenye kioo, na mtu mwingine amekaa mbele ya kioo mwili umelingana na ile picha. Picha ya karatasi kabisa. Unaiona inavyokaa kwenye kioo na haitikisiki wakati bega linatikisika. Mara ya kwanza nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikasimamisha tena. Kama mtu wa kazi nilishtuka na hapo hapo nikamheshimu aliyethubutu kuiacha.

Mfalme wa haya mambo ni Godfrey Ho. Miaka ya 80 alikuwa anachukua muvi ya Asia ambayo haijulikani, anapiga vipande vichache vipya vya wazungu wamevaa mavazi ya ninja yenye rangi zinazowaka, anachanganya, anadabu upya vyote viwili ili ionekane wanajuana. Wanaongea kwa simu maana hawawezi kukutana, wako kwenye muvi mbili tofauti! Ninja Terminator ya 1985, Richard Harrison, ninja mkuu, mtu wa mauaji, simu yake ya nyumbani ni ile yenye umbo la Garfield yule paka wa katuni. Anainyanyua na uso mkavu kabisa na kutoa vitisho. Huyo Harrison alisema alikubali kupiga muvi chache tu, baadaye akajikuta yumo kwenye rundo la muvi asizozijua.

Ukitaka kujua kuediti kunaweza kubeba nini, na wapi kunaelemewa, hakuna darasa zuri kama hilo.

mama_trela

Wazungu wa simu hahaha. Na ukiangalia vizuri macho yao hayaangalii upande mmoja, huyu anaongea na kushoto na yule anajibu akiangalia kushoto pia. Mbavu zangu.

zipu_mgongoni

Nimesoma zote mara mbili. @fundi_sauti umenifungua, ile simu ya Garfield niliiona nikadhani nimeota.

Sasa niulize kitu kingine. Hizi mpya zinazotengenezwa mbovu kwa makusudi, papa wa kwenye kimbunga na wenzake, mbona mimi hazinishiki? Vitu ni vile vile, dubwana baya, uigizaji mbaya, lakini nabaki nimekaa tu kama nasubiri zamu benki.

Kamusi_ya_Zombi

Kwa sababu wanakukonyeza. Sharknado ya 2013 imeangaliwa na watu wengi na ikazaa nyingine mpaka zikafika sita, sisemi haina wapenzi. Lakini mwigizaji anajua ni utani, mwongozaji anajua, na aliyeandika ameshacheka kabla yako. We umebakiziwa nini? Yule Morrow aliyesimuliwa huko juu asingeogopa kweli, sini isingekuwa na kitu.

binti_wa_saa_sita_usiku

Sikubaliani kabisa na hii sheria kwamba lazima mtu asijue. Mbona mwongozaji William Castle alikuwa anajua kila kitu? Muvi zake ziliuzwa kwa vituko. Mwaka 1958 kwa Macabre kila mtazamaji alikatiwa bima ya maisha ya dola 1,000 endapo atakufa kwa hofu ukumbini. Mwaka uliofuata kwenye The Tingler akafunga vimota chini ya baadhi ya viti, ikifika sehemu ya mdudu kutoroka ndani ya ukumbi wa sinema wa kwenye stori, mota zinawashwa na wewe unatetemeshwa kiti chako, na steringi Vincent Price anakwambia piga kelele kuokoa maisha yako. Kwenye House on Haunted Hill mwaka huo huo mifupa ya bandia ilikuwa inapita juu ya vichwa vya watu kwa kamba. Huyo bwana alikuwa anakonyeza macho yote mawili na bado ni raha tupu.

Na Wakaliwood je? Mwongozaji Nabwana pale Wakaliga, Kampala, alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 alijua vizuri kwamba helikopta zake zinaonekana ni za kompyuta. Bunduki za vyuma chakavu, kompyuta ameunga mwenyewe, wapiganaji ni majirani, bajeti inatajwa kuwa chini ya dola 200. Na juu yake kuna VJ Emmie anaongea muvi nzima, anacheka, anamsifia kamandoo, anakutahadharisha kinachokuja, anatangaza muvi nyingine humo humo. Nakala ya mwanzo isiyo na ile sauti ilishapotea kwa sababu diski ilijaa na ilibidi nafasi ipatikane kwa kazi iliyofuata. Wale watu wanacheka wenyewe, wanajua, na muvi ina nguvu kuliko nyingi zilizotengenezwa na watu wasiojua. Tofauti naiona ni kwamba wanataka kwa dhati ngumi zao ziwe ngumi. Mateke yale yana mazoezi. Mwenye papa wa kompyuta hajali papa wake, ndo kinachokuboa.

Kamusi_ya_Zombi

Hapo kwa Wakaliwood nanyoosha mikono. Castle namwita mfanyabiashara ila nitamwangalia tena.

mzee_wa_reli_mbili

Vijana hamjambo. Nimeona swali la mdogo wake zipu_mgongoni, yule binti, kuhusu kucheka watu walioshindwa halijajibiwa vizuri, mmelirukaruka tu. Ni swali zito na msilidharau.

Chukueni mwongozaji Ed Wood. Plan 9 from Outer Space alipiga mwaka 1956 kwa hela iliyotoka kwa waumini wa kanisa la Baptisti, na baadhi ya waigizaji walikubali kubatizwa ili hela itoke. Bela Lugosi, mwigizaji aliyevuma kwa kucheza Dracula, alikuwa amefariki Agosti ya mwaka huo akiwa ameacha vipande vichache tu vya filamu, dakika chache, anatoka nyumbani, ananusa ua, anatembea na joho. Wood akavitumia vyote, na sehemu zilizobaki akamweka tabibu wa mifupa wa mke wake, mtu mrefu kuliko Lugosi na hafanani naye hata kidogo, akamwambia ajifunike uso kwa joho muvi nzima. Mawe ya makaburi yanayumba mtu akipita. Sini inaanza mchana, mtu anageuka, usiku, anageuka, mchana. Watu wakacheka sana, na 1980 ikapewa jina la muvi mbovu kuliko zote. Sasa Wood alikufa Desemba 1978, maskini, amefukuzwa nyumba aliyopanga siku chache kabla. Hakuiona hiyo zawadi ya kejeli, na hakuona pia kwamba ndiyo ingefanya jina lake lisisahaulike, mpaka Hollywood ikaja kutengeneza muvi ya maisha yake mwaka 1994 na Martin Landau akapata Oscar kwa kumwigiza Lugosi. Hapo nani amemcheka nani, mimi sijui, lakini sipendi kucheka Plan 9 bila kukumbuka hilo.

Mwingine ni yule daktari wa meno wa Troll 2 ya 1990. Muvi hiyo haina troli hata mmoja, ina majini yanayotaka kugeuza watu mimea ili yawale, mwongozaji Mwitaliano, wafanyakazi wake Waitaliano, waigizaji Wamarekani ambao wengi hawakuwa waigizaji. Mazungumzo yaliandikwa Kiingereza kibovu, waigizaji wakaomba wayarekebishe, wakakataliwa, semeni kama ilivyoandikwa. George Hardy, daktari wa meno, alienda usaili akitegemea kasehemu kadogo, akapewa kuwa baba wa familia. Miaka mingi baadaye watu wakaanza kujaza kumbi kuiangalia wakiijua kwa moyo, yeye akaitwa, akapanda jukwaani, akafurahi kupindukia. Yule mtoto aliyemwigizia kama mwanawe akakua akatengeneza makala ya filamu kuhusu mambo hayo, Best Worst Movie ya 2009. Humo mnamwona daktari anavyofurahi, lakini mnamwona pia mwongozaji Fragasso amekaa ukumbini watu wanacheka sehemu ambazo yeye hakuweka utani, na uso wake unabadilika. Yote mawili ni ya kweli. Yule binti yuko sahihi kwa Fragasso, na hayuko sahihi kwa daktari.

zipu_mgongoni

Shikamoo mzee. Hii nitamsomea neno kwa neno.

mzee_wa_reli_mbili

Marahaba. Msomee, ila usimalize sehemu ya daktari haraka, ndo tamu.

fundi_sauti

Kwa swali la tatu sasa, ya kuanzia. Mi nasema usimuanzishie na mbovu kabisa. Muanzishie na ya hela kidogo iliyotoka NZURI, ili aone kwamba umaskini wa bajeti na ubovu ni vitu viwili.

Night of the Living Dead ya 1968. Dola kama 114,000 hivi, rangi nyeusi na nyeupe, nyumba moja, damu ni sharubati ya chokoleti kwa sababu kwenye nyeusi na nyeupe inaonekana damu kuliko damu, na steringi Duane Jones anaibeba muvi mabegani. Na ni halali kuiangalia bure, kule Marekani hasa, maana walipobadilisha jina dakika za mwisho walisahau kuweka tangazo la hakimiliki kwenye kopi, sheria ya Marekani ya wakati ule ikaifanya mali ya umma. Mwongozaji George Romero na wenzake walipoteza hela nyingi kwa maneno machache yaliyokosekana kwenye skrini.

binti_wa_saa_sita_usiku

Naongeza Carnival of Souls, 1962. Herk Harvey alikuwa mtu wa kutengeneza filamu za mafunzo ya kazini na mashuleni, akaona jengo la starehe lililotelekezwa kando ya Ziwa la Chumvi kule Utah, likamkaa kichwani, akakusanya kama dola 33,000 na watu wachache akapiga muvi. Yule mtu mwenye uso mweupe anayemfuata dada ni mwongozaji mwenyewe. Sauti haikai sawa na midomo, uigizaji wa baadhi ya watu ni mkavu, na ajabu ni kwamba makosa yote hayo yanaifanya iwe kama ndoto mbaya. Ingekuwa na hela ingeharibika. Ila usimuonyeshe akiwa peke yake usiku, nakuonya.

mama_trela

Jamani msimtishe mtoto wa watu! Mpe The Little Shop of Horrors ile ya 1960 ya mwongozaji Roger Corman, ya kuchekesha, ua linakula watu na linadai chakula. Sehemu kubwa ilipigwa kwa siku mbili na usiku kidogo kwenye seti iliyobaki ya muvi nyingine. Humo Jack Nicholson bado hajulikani na mtu, ametokea kama mgonjwa anayefurahia kung'olewa meno, dakika chache tu na anaiba muvi yote. Huyo Corman ndo shule yenyewe, waongozaji wakubwa kina Coppola, Scorsese, James Cameron, Ron Howard wote wamepitia kwake, alikuwa anawalipa kiduchu na kuwapa kamera. Amefariki 2024 akiwa na miaka 98.

Kamusi_ya_Zombi

Zote tatu nzuri, na mimi nasaini. Niongeze masharti mawili ya mtu aliyeumia. Moja, msiwe peke yenu, watu watatu wanne, kwa sababu zile dakika za mtu anaendesha gari ndo mnazitumia kubishana huyu atakufa wa ngapi. Pili, simu mbali, ukiangalia hizi muvi nusu nusu hutaona ule mkono wa fundi uliochungulia pembeni ya fremu, na ndo kitu chenyewe ulichokuja kukitafuta. Na Manos mfiche kabisa, hiyo mpe mtu mnayegombana naye.

pweza_mikono_sita

Mi ningempa Godzilla ya kwanza, 1954, ya Kijapani isiyokatwa. Kwa Japani ya wakati ule haikuwa bei chee hata kidogo, tusiichanganye, lakini vazi ni vazi. Haruo Nakajima ndani ya mpira wenye uzito wa karibu kilo mia, taa kali, anatembea juu ya mji wa mbao. Walirekodi kwa kasi kubwa ili ukiangalia kwa kasi ya kawaida mwendo uwe mzito, jengo lianguke polepole kama jengo. Na ule mngurumo ni fidla kubwa ya besi imelegezwa nyuzi, mtu anazisugua na glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu. Glavu tu! Akishaiona hiyo atajua mtu ndani ya vazi si kichekesho, na hapo ndo umletee sokwe wako mwenye helmeti.

zipu_mgongoni

Nimemwambia achague mwenyewe, nikamsomea orodha yote. Amechagua ya ua linalokula watu, kwa sababu ni fupi, ndo alivyosema. Alafu akaniuliza yule sokwe kwa nini asivue helmeti akapumua kidogo kati ya sini na sini. Nikamwambia sijui, akasema basi tuiweke na hiyo ya pili yake, anataka kuhakikisha kama kuna sehemu amevua.

mama_trela

Huyo tayari ni wetu. Akiona kitu aje aseme hapa hapa.